Celica ya mjomba na jicho lililogoma

Najua nimepotea sana, wengine mmefikia hatua ya kunitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko, nipo! Nilikuwa PT Singida, wiki nane nzima ndani ya ovaroli, kwenye gereji moja ndogo nyuma ya stendi. Sasa nimerudi chuo, bumu halijaingia, ripoti ya PT haijaandikwa hata ukurasa mmoja. Badala ya kuiandika, nimeamua niwasimulie kitu kimoja nilichojifunza kule. Kimetokana na taa ya gari. Ndiyo, taa!

Mjomba wangu ana Toyota Celica ST182, toleo lililotoka Japani kati ya 1989 na 1993. Milango miwili, nyekundu iliyopauka hadi imefanana na tofali la kuchoma. Taa zake kubwa ni zile zinazojificha: mchana zimelala ndani ya boneti, usiku ukiwasha swichi zinainuka kama mtu anayefumbua macho. Watoto wa mtaani kwetu wanaiita Chura. Ikipita wanapiga kelele "fumbua, fumbua!", na mjomba, mtu mzima na mvi zake, anawasha taa ili wafurahi.

Gari za hivi zina historia, msizione hivyo. Taa za kujificha zilianza na gari la Kimarekani liitwalo Cord 810, la 1936, na dereva alizinyanyua kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Za mwisho kutoka kiwandani zilikuwa za Corvette C5 na Lotus Esprit, mwaka 2004. Baada ya hapo kila mtu akaachana nazo, maana zina vitu vingi vya kuharibika na hazimhurumii mtembea kwa miguu akigongwa. Lakini huku kwetu Celica ina heshima ya pekee kwa sababu ya Safari Rally, yale mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Björn Waldegård alishinda na Celica GT-Four mwaka 1990. Kisha Celica ikachukua minne mfululizo: Carlos Sainz 1992, Juha Kankkunen 1993, Ian Duncan wa Kenya 1994 na Yoshio Fujimoto 1995. Mjomba alikuwa kijana miaka hiyo, anasikiliza matokeo redioni. Ndiyo maana alipopata vijisenti hakununua Corolla kama watu wenye akili zao, teh teh.

Sasa bwana, mwezi wa tano taa ya kulia ikagoma. Ukiwasha, ya kushoto inafumbuka, ya kulia imelala tu. Chura akawa chongo.

Msicheke, maana hapo ndipo penye hatari yenyewe. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo taa ya kulia ndiyo iliyo karibu na katikati ya barabara. Ikizima, anayekuja mbele yako anaona taa moja tu, tena ya upande wa nje. Anadhani ni pikipiki inayojiendea pembeni, basi anajiachia, wakati ubavu wako mzima wa kulia uko gizani. Na barabara yenyewe ni ile ya Dodoma, Manyoni, Singida kwenda Nzega, wanayopita malori ya Rwanda, Burundi na Kongo usiku kucha. Ongeza mabasi, maana tangu 2023 yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Mjomba ana shughuli zake za alizeti Ikungi na mara nyingi anarudi mjini giza limeshaingia. Mama alikuwa halali mpaka asikie geti linafunguliwa.

Mjomba akaipeleka kwenye gereji moja, siyo ile niliyokuwa mimi, sitaitaja. Fundi akachomoa soketi ya mota ya taa, akaweka mita, ikasoma volti 12. Akasema: umeme unafika, mota haizunguki, kwa hiyo mota imekufa. Iagizwe Dar, laki tatu na nusu, na hapo ni iliyotumika.

Injini ya gari hili ni 3S, ukoo mmoja na ya Ipsum na Rav4 za zamani, vipuri vyake unavipata hadi kwa muuza dagaa. Lakini mota ya kunyanyua taa ya Celica? Hiyo ni kama kutafuta samaki jangwani. Na laki tatu na nusu aliyokuwa nayo mjomba ilikuwa na mwenyewe: binamu yangu amechaguliwa form five, anatakiwa kuripoti mwezi wa saba na godoro, sare, ndoo, nauli na michango. Wakaja na washauri. Mmoja akasema taa ichomelewe ikae juu moja kwa moja. Dalali mmoja akataja bei ya kulichukua gari lote, bei ambayo hata kuku wa Singida wakisikia wanacheka. Mjomba akaanza kulifikiria kweli. Nilipofika nilimkuta anaosha gari kimya kimya, kama anayemuaga mtu.

Nikamwomba nilipeleke kwenye gereji yetu.

Fundi mkuu wetu ni mzee mmoja mpole, haongei sana. Mimi ananiita Injinia, kwa kunitania. Hakushika spana. Akaniambia niwashe swichi, yeye akainamisha sikio juu ya boneti. "Injinia, umesikia nini upande wa kulia?" Nikamwambia sijasikia kitu. Akasema vizuri, hicho ni kitu cha kwanza. Kama mota ingelia na taa isiinuke, tungejua gia imekwisha au mkono wake umechomoka. Kama taa ingepanda na kushuka bila kutulia, tungejua mguso wa kusimamishia mota umeharibika. Kama zote mbili zingegoma, tungeanza na fyuzi, rilei na swichi. Moja ikigoma kimya kimya, tafuta upande wa hiyo moja: umeme wake, ethi yake, mota yake. Unaona? Kwa kusikiliza tu ameshafuta nusu ya maswali.

Kisha akachomoa fyuzi iliyoandikwa RTR na kulegeza waya wa hasi wa betri. Hili lishikeni: usipeleke vidole kwenye taa za namna hii umeme ukiwa umeunganishwa. Mota ikizinduka ghafla, mkono ule wa chuma hauulizi hicho ni kidole cha nani. Nyuma ya mota kuna kifuniko kidogo cha mpira, ukikitoa unakuta kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Toyota walijua siku hii itafika! Akanipa nizungushe. Nikazungusha weee, taa ikaanza kupanda, nzito, lakini ikapanda. Kwa hiyo haijakwama kabisa. Na mjomba akajua palepale kwamba hata akikwama porini usiku anaweza kuinyanyua kwa mkono na kufika nyumbani na macho mawili. Miezi miwili anaendesha chongo, na hakuna aliyemwambia!

Halafu ndiyo likaja somo lenyewe. Mimi nikakimbilia mita ya dijitali. Fundi akanizuia, akafungua droo akatoa balbu kuukuu ya taa kubwa, imeungua upande mmoja, mwingine mzima, imeunganishwa nyaya mbili ndefu. Hiyo ndiyo testa yake. Tukarudisha umeme, akaiunganisha kwenye soketi ya ile mota, mimi nikawasha swichi. Balbu ikawaka nyekundu hafifu, kama mkaa unaozimika. Akahamisha waya mmoja, ule wa upande wa ethi, akaugusisha kwenye hasi ya betri moja kwa moja. Balbu ikawaka nyeupe, mpaka nikafumba macho.

"Mota haijafa," akasema. "Ina njaa."

Nyie wa umeme mtakuwa mmeshaelewa, ngoja niwaeleze wenzangu wa sosholojia. Umeme unakwenda kwenye mota kwa waya mmoja, halafu unarudi betri kupitia bodi la gari. Palipofungwa waya wa kurudia kwenye bodi, nyuma ya taa, palikuwa na bolti imeota kutu. Tuseme kutu hiyo imeleta ukinzani wa ohm 1. Mita inavuta umeme kidogo mno, haiusikii ukinzani huo, inakusomea volti 12 safi kabisa. Lakini weka balbu ya wati 55, ambayo ikiwaka ina kama ohm 2.6. Jumla inakuwa 3.6, na kwenye zile volti 12 balbu inabaki na kama 8.7 tu. Zingine zote zimeliwa na kutu. Mota yenye kazi ya kunyanyua taa inavuta zaidi, kwa hiyo inanyimwa zaidi. Yule fundi wa kwanza hakudanganya, mita yake ilisema kweli. Ila alipima njia wakati hakuna mzigo unaopita.

Hesabu hii niliipata mtihani wa mwaka wa kwanza, nikapata na maksi. Lakini sikuwahi kuiona kwa macho mpaka siku ile, kwenye balbu iliyoungua nusu.

Tukafungua bolti, tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaweka kichwa kipya cha waya, tukafunga na kupaka grisi juu yake. Tukajaribu: taa ikapanda! Lakini polepole, kama babu anayenyanyuka mkekani. Mimi nilishaanza kukusanya vifaa. Fundi akasema bado. Viungo vya ule mkono vilikuwa na grisi ya tangu Japani, imechanganyika na vumbi la Singida ikawa kama udongo wa kufinyangia. Tukatenganisha tena betri, tukasafisha kwa petroli na mswaki wa zamani, tukaacha zikauke, tukapaka grisi mpya. Akanieleza kwamba ugonjwa ulikuwa mmoja wenye miguu miwili: viungo vikavu vinaifanya mota ivute umeme mwingi, ethi mbovu inaunyima. Kila kimoja peke yake kingevumilika. Vilipokutana, jicho likafumba.

Safari hii nikawasha, yakafumbuka yote mawili kwa pamoja. Mjomba hakusema neno. Akaniambia zima. Washa. Zima. Washa. Nadhani alifanya hivyo mara kumi. Fundi akadai elfu ishirini, mjomba akampa ishirini na tano na kuku.

Jumatatu yake binamu aliondoka na godoro lake limefungwa juu ya basi. Jioni nikaenda na mjomba Ikungi, tukarudi usiku. Kila lori lililokuja mbele lilishusha taa na kukaa upande wake. Miezi miwili nyuma yalikuwa yanakuja katikati. Mjomba akasema, "Unaona, wanatuona." Basi.

Kwa hiyo mwenye gari la mzee wake lenye taa za hivi, utaratibu ni huu. Sikiliza kwanza. Angalia fyuzi. Tenganisha betri kabla ya kugusa, na ujue kitufe cha mkono kiko wapi kabla giza halijakukuta. Safisha ethi, paka grisi viungo. Ukipima umeme, pima ukiwa na mzigo. Mota iwe ya mwisho kabisa kulaumiwa, maana ndiyo ya bei na ndiyo isiyopatikana.

Ile balbu nilimwomba fundi, akakataa. Ikabidi nijitafutie yangu, ninayo hapa hosteli, imeungua upande mmoja kama inavyotakiwa. Mwenye pikipiki yenye taa inayozingua anipitie, ila aje na soda.