Dawa Iliyo Ndani ya Uzi

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Sisi tuliozaliwa kandokando ya Ziwa Viktoria tunaujua ukweli wa maneno hayo kwa uchungu. Kwetu mbu si mdudu wa mzaha. Dada yangu mdogo alilazwa mara mbili kwa malaria kabla hajaanza shule. Mara ya pili hakuweza hata kumtambua mama.

Baadhi yetu husema, "Aa, neti ni neti tu!" La hasha! Zamani chandarua kilikuwa kikichovywa katika beseni la dawa. Dawa ilishika juu ya uzi, na kila kikifuliwa ilipungua. Ilibidi kukichovya tena baada ya miezi sita hivi. Mama huniambia, "Mwanangu, msimu wa kulima ukifika, nani angekumbuka beseni?" Basi kikabaki kitambaa cha matundu.

Wataalamu wa kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani walikuja na ujanja mwingine: waliitia dawa ndani ya uzi wenyewe. Plastiki iitwayo poliethilini huyeyushwa, ikachanganywa na permethrini, takriban gramu 20 kwa kila kilo, kisha ikavutwa kuwa nyuzi. Ukifua, dawa ya juu huondoka, lakini iliyojificha ndani hupenya polepole hadi juu, kama jasho litokavyo mwilini. Shirika la Afya Duniani lilikipitisha chandarua hicho, Olyset, mwaka 2001. Mwaka 2003 kikaanza kutengenezwa Arusha, kwa jirani zetu Watanzania.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba permethrini ilibuniwa kwa kuiga sumu ya pareto, lile ua jeupe linalolimwa katika nyanda zetu za juu. Kumbe ua la shambani limewafunza wanasayansi kazi!

Hata hivyo, adui naye hakulala. Mbu wengi barani Afrika wameizoea dawa hii, haiwaangushi kama zamani. Ndiyo maana katika vyandarua vipya uzi huongezewa kiungo cha pili, PBO, kinachouzuia mwili wa mbu kuivunja sumu. Vita bado ni vikali, ndugu zangu.

Sasa nasema na nyinyi mnaotoka kwetu. Nimeona vyandarua vimezungushiwa vifaranga. Nimeona vingine vimetandazwa ufuoni, vimeanikiwa omena. Nilipomuuliza mama mmoja, akanijibu, "Hii ni imara, mwanangu, na omena hukauka haraka." Njaa ni njaa, simlaumu. Lakini uzi hauna miguu ya kumfuata mtoto kitandani. Tukirudi nyumbani likizoni, tuwaeleze wazee wetu kwa adabu: chandarua kifuliwe taratibu, kianikwe kivulini, na usiku kichomekwe vizuri chini ya godoro. Wanasayansi wametia dawa ndani ya uzi. Kukitundika ni juu yetu.