Kutoka Chanuo Hadi Piko

Wanaume wa ukoo wetu hawafiki uzeeni na nywele zao. Babu alikuwa na uwaraza, baba akaupokea, baba zangu wadogo nao wakaupokea kwa zamu, na sikuwahi kusikia hata mmoja akilalamika. Walikuwa watu wa kofia. Mtu anaamka, anavaa kofia yake ya mkono iliyofuliwa kwa wanga, anakwenda sokoni, na habari ya nywele imekwisha. Mimi nilipata balehe Tanga miaka ya 1970, wakati vijana wamekwisha kuzivua kofia hizo na kuziachia Ijumaa. Juu ya hilo, nywele zangu zilikuwa nyembamba tangu utotoni, hata kabla ya kuanza kutoka. Ukinimwagia maji kichwani, ngozi ilionekana.

Kinyozi wetu alikaa chini ya mkungu, karibu na soko. Vyombo vyake vilikuwa mkasi, wembe, kioo kilichovunjika pembeni, kopo la poda na mashine ya mkono, ile ya kuminyaminya kwa vidole kama koleo. Mashine ile ikiwa butu hainyoi, inanyofoa. Watoto tulikaa kwenye kigoda chake huku machozi yanatulenga. Mitindo haikuwepo. Ulikuwa unanyolewa, basi, na mwenye nywele nyingi na mwenye nywele chache mliondoka pale mkifanana. Usawa ule siku hizi nauona ulikuwa raha, ila wakati ule sikuuona.

Afro ndiyo iliyotutenganisha. Ilikuja na picha za wanamuziki weusi wa Marekani, ikaja na suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, na kwetu ikapata hata bendi ya kuibeba jina, Afro 70 ya Patrick Balisidya. Wakubwa hawakuipenda. Tayari Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza mwishoni mwa mwaka 1968 kwamba kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, mikorogo na mawigi vipigwe marufuku, katika kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana. Wanawake ndio waliosumbuliwa zaidi mitaani, na wigi lilikuwa miongoni mwa yaliyowaponza. Kwa hiyo njia ya mkato ya kuongeza nywele ilikuwa imefungwa kisiasa kabla sijaihitaji. Shuleni, mwalimu wa zamu akiiona Afro yako imevuka vidole viwili anapitisha mkasi katikati ya kichwa, anakuachia barabara, na unakwenda kumalizia mwenyewe.

Kwa mwenye nywele nzito, Afro ilikuwa kazi ya chanuo na dakika chache. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya usiku kucha. Jioni naosha kichwa kwa sabuni ya kipande, nakikausha vizuri, kisha dada ananisuka vifundo vikubwa vya kulalia huku akinicheka. Asubuhi navifungua polepole, nachukua chanuo la mti lenye meno marefu, naliingiza hadi kwenye ngozi na kuinua, sehemu baada ya sehemu, kuanzia kisogoni kuja mbele. Mwisho napigapiga kwa viganja pande zote ili iwe duara. Hapo zilikuwa zinajaa kweli. Nywele iliyojikunja inachukua nafasi kubwa kuliko unene wake, na ukiitenga na mwenzake kila moja inaziba tundu lake. Sharti lilikuwa moja tu, mafuta yasiguse. Mama aliamini mtoto asiyepakwa mafuta ya nazi kichwani ni mtoto aliyetelekezwa, na tone moja la mafuta yale lilitosha kuzigandisha nywele vishada vishada, ngozi ikabaki inang'aa katikati. Tuligombana sana juu ya chupa ile.

Hata hivyo, Afro ya nywele nyembamba ina adui ambaye hakuna chanuo linalomweza. Ukisimama na jua nyuma yako, mwanga unapita, na fuvu lako lote linaonekana humo ndani. Nilijifunza kuchagua upande wa kusimama. Mpiga picha mmoja wa studio mjini alikuwa akilijua tatizo hilo kuliko mimi. Aliniambia niinamishe kidevu kidogo tu, nisizidishe, taa akaiondoa juu na kuiweka ubavuni, na picha ilipokwisha kusafishwa akachukua kalamu ya wino na kujazia penye upungufu, kwa vinukta vidogo vidogo. Nilimlipa kwa furaha. Picha hiyo ninayo, na ukiitazama kwa karibu unaona paji la uso limepakana na nywele kwa mstari ambao Mungu hakuuchora.

Miaka ya kalikiti naipita haraka. Rais Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985, bidhaa zikafunguliwa, na maduka ya Kariakoo, ambako nilikuwa nimehamia kutafuta kazi, yakajaa makopo ya dawa za nywele. Kalikiti ilikuwa dawa kali ya kuvunja mkunjo wa asili, kisha nywele zinazungushwa kwenye vibomba ili zipate mkunjo mpya, mkubwa na laini. Baada ya hapo ilitakiwa zilowe mafuta kutwa, na kola za mashati zilipata taabu. Nywele nyingi zilipendeza. Nywele chache zilinyweshwa zikalala chali, na kila mtu akaona zilipoishia. Sikuwa na haja ya kuijaribu. Rafiki yangu wa karibu, mwenye kichwa kama changu, alifanya jaribio hilo kwa niaba yetu sote.

Mageuzi yenyewe yaliletwa na mashine ya umeme. Mmarekani Leo Wahl aliiombea hataza mwaka 1919, lakini mitaani kwetu, kwa vinyozi wa kawaida, niliizoea miaka ya 1990, zilipoanza saluni za kiume zenye viti vya kuzunguka na mabango ya vichwa vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta, kila kichwa na namba yake. Ulikuwa unaingia na kusema unataka namba saba. Panki ilikuwa katikati ya bango: juu bapa kama meza, pembeni kumepanda kidogokidogo kutoka weupe. Ni nywele za watu wengine, nilijiambia.

Kinyozi aliyenibadilisha mawazo alikuwa kijana kutoka Moshi, mwenye chumba kimoja Magomeni. Hakuniuliza namba. Alinishika kichwa, akakigeuza kwenye taa, akapitisha kidole juu ya utosi, kisha akasema, "Braza, wewe tatizo lako si juu. Ni huku pembeni, kumejaa mno." Nilidhani ananitania. Kwa miaka yote nilikuwa nikiziacha za pembeni zikue ili zifidie, na kumbe hizo ndizo zilizokuwa zikinisema. Jicho halihesabu nywele, linalinganisha. Pembeni kukiwa kumesongamana, juu panaonekana uwanja. Akavisha mashine kichana kidogo, akashusha pembeni karibu na ngozi, akapandisha taratibu, halafu juu akapunguza pia, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alipomaliza akafuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikaangalia kioo. Kichwa kilikuwa kimejaa. Nywele zilikuwa chache kuliko nilizoingia nazo, na zilionekana nyingi.

Alinifafanulia huku akipuliza vumbi la nywele kwenye mashine. Nywele nyembamba ikirefuka inalegea, inaegemea upande, inaacha njia. Ikiwa fupi inasimama. Halafu, alisema, sisi ngozi yetu nyeusi inatubeba: nywele nyeusi fupi juu ya ngozi nyeusi, nani ataona mpaka? Mzungu mwenye nywele za dhahabu juu ya ngozi nyeupe naye anafichika. Anayepata shida ni mwenye nywele nyeusi juu ya ngozi nyeupe. Maneno hayo nimeyapima tangu hapo kwenye vichwa vya watu wengi, kwenye daladala na msikitini, na sijaona pa kuyakosoa. Ndiyo maana mafuta yanaharibu: yanaing'arisha ngozi, na penye mng'ao ndipo jicho linapotua. Tangu siku ile kinyozi yeyote akinyoosha mkono kwenye kopo la mafuta namzuia.

Miaka hiyohiyo ilikuwa na hofu yake. Ukimwi ulikuwa umetufundisha kuogopa wembe wa mwenzako, na wengi wetu tulikwenda saluni na mashine zetu kwenye mfuko wa plastiki. Ikawa kila mtu anajua meno ya mashine yake na kichana gani kinamfaa. Na ulipokuja mgao wa umeme wa 2006, tulikaa kwenye foleni tukisubiri jenereta, wengine wakiwa wamenyolewa nusu kichwa.

Katikati ya hayo alitokea mcheza kikapu Michael Jordan na kichwa chake kilichonyolewa kikang'aa, na kunyoa para kukawa mtindo. Wazee wa kofia hawakuelewa kwa nini mtu mwenye nywele zake azitoe. Kwetu sisi wenye nywele za mashaka ilikuwa msamaha mkubwa, maana hapakuwa tena na njia ya kujua nani amenyoa na nani zimemkimbia. Baadhi ya rafiki zangu walihamia huko moja kwa moja na hawajarudi. Tena kipara kina heshima yake mtaani. Watu husema mwenye kipara ana hela. Imani ya namna hiyo ikivuka mpaka inatisha: mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walilazimika kuwatahadharisha wenye vipara baada ya mauaji yaliyohusishwa na uvumi kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Mimi sikunyoa para. Kichwa changu kina bonde nyuma ambalo nywele, hata hizo chache, zinalisitiri.

Siku hizi vijana hawainui wala hawapunguzi tu, wanachora. Pwani tunaijua piko kwa mikono na miguu ya maharusi, na kwa mvi za wazee. Sasa imehamia kwenye paji la uso la kijana wa miaka ishirini na tano. Mpwa wangu ni mteja. Nilimsindikiza saluni moja Sinza na kukaa pembeni kutazama. Kwanza kinyozi alichonga mstari wa mbele kwa wembe, ukanyooka kama rula, na penye panja akaingia ndani ya ngozi tupu ili pembe zipatikane. Kisha akachanganya rangi kwenye kifuniko, akachukua brashi, akapaka hadi kwenye mstari, akiwa makini kama fundi wa mabango. Wakasubiri. Kijana akalazwa kwenye beseni, akaoshwa, akasuguliwa uso, akainuka. Kutoka hatua tatu, nywele za mpwa wangu zilikuwa nzito kuliko za Afro yoyote niliyowahi kuiona. Kutoka hatua moja, zilikuwa picha yangu ya studio.

Nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Mjomba, nani anakuja hatua moja? Watu wananiona kwenye simu."

Sikuwa na jibu la haraka. Ila rangi hizo zina dawa ambayo baadhi ya ngozi haziivumilii, na nimemwona mtu aliyevimba uso, macho yakafumba, kwa ajili ya harusi isiyo yake. Kujaribu tone dogo nyuma ya sikio na kungoja siku mbili si uoga. Vinyozi wengi hawakwambii, kwa sababu mteja wa Jumamosi ana sherehe Jumamosi hiyohiyo.

Nje ya kiti cha kinyozi kuna njia nyingine, na vijana wanazijua kuliko madaktari. Minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu kupakwa kichwani. Kwetu wanaipaka kidevuni kwanza, kutafuta ndevu. Inataka miezi ya subira, na ukiacha, zilizoota kwa nguvu yake zinaondoka. Wenye fedha wanakwenda Istanbul kupandikizwa, na si siri tena: mwanasoka Wayne Rooney alitangaza hadharani mwaka 2011 kwamba amefanyiwa upandikizaji. Nywele zetu zinampa daktari kazi zaidi, kwa kuwa mzizi wenyewe umejikunja chini ya ngozi, na asiyezizoea anaukata wakati wa kuutoa. Mafuta ya nyonyo na maji ya kitunguu nayasikia tangu kwa bibi. Ukoo wetu uliyatumia yote mawili na matokeo niliyataja mwanzo.

Mimi nimebaki na somo la Magomeni. Pembeni chini, juu kichana cha pili, mstari wa mbele uachwe ulipo, mafuta hapana. Kinyozi wangu wa sasa, ambaye ananiita mzee na bado anajaribu kunishawishi niweke rangi kidogo, aliniambia kitu ambacho wenzake hawakisemi. Mwenye nywele nyingi akinyoa leo anaweza kukaa mwezi mzima. Sisi siku ya kumi pembeni kumeshajaa, na juu panarudi kuwa uwanja, tunarudi kwenye kiti. Kwa hesabu yake ya mwaka, wenye nywele chache ndio wanaolipa kodi ya chumba.