Kuni za Paxtu

Kwa miaka mingi nimewafunza wanafunzi wangu kwamba kimya cha msimulizi ni sehemu ya usimulizi wake. Sikutarajia kurudishiwa somo hilo na mama yangu, tena katika sebule ya Mzungu.

Paxtu ni kijumba kilichojengwa mwaka 1938 katika uwanja wa hoteli ya Outspan, Nyeri, kwa ajili ya Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti. Humo ndimo alimomalizia siku zake akiutazama Mlima Kenya, hadi alipofariki Januari 1941. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: makazi yake ya Uingereza yaliitwa Pax Hill, na haya yakawa Pax ya pili. Pax, kwa Kilatini, ni amani. Kijumba kimehifadhiwa kama makumbusho, nasi tulikuta kuta zimejaa skafu za skauti wa mataifa mengi.

Baadaye aliishi humo Jim Corbett, mwandishi wa visa vya simbamarara na chui wa India, pamoja na dada yake. Hapo mhakiki hutega sikio. Corbett alifariki Nyeri Aprili 1955, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto. Tangu 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwahamishia Wakikuyu kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miba. Mama, mtoto wa miaka kumi, alikuwa katika kimojawapo. Kuni walizitafuta kwa saa maalumu, chini ya ulinzi.

Mama hakuzijali skafu. Alisimama mbele ya meko, akayakagua kama akaguavyo jiko la mkaza mwana (nakiri niliona haya kidogo), kisha akauliza:

"Mwanangu, hawa kuni waliletewa na nani?"

Nilikuwa nimekisoma Tree Tops, kitabu cha Corbett kilichotoka 1955, kinachosimulia usiku wa Februari 1952 Elizabeth alipogeuka malkia akiwa juu ya mti. Wanyama wake niliwakumbuka. Mchukuzi wa kuni sikumkumbuka hata mmoja, wala sikuwahi kumtafuta. Nami ndiye nipunguzaye alama za wanafunzi kwa kosa hilohilo.

Mama alikwisha kutoka barazani. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, naye alitaka kujua tungeungoja hadi saa ngapi.