Baada ya Kliniki, Sinema

Mama mwenzetu, wewe unayeamka kabla ya jogoo na kulala wa mwisho, hatuhitaji kukueleza siku yenye kazi nyingi ilivyo. Kwetu sisi wauguzi wa huku Gendabi, chini ya Mlima Hanang, siku ya namna hiyo ni siku ya kliniki ya watoto. Akina mama hutoka mbali, wengine wamejifunga shuka mbili kwa sababu ya baridi, na ifikapo saa mbili asubuhi mabenchi yamejaa.

Ijumaa moja tuliwahudumia watoto 63. Huyu anapimwa uzito kwenye mizani ya kuning'inia, yule anapewa matone ya polio, mwingine wa miezi tisa anachomwa sindano ya surua. Katikati ya hayo akafika mama mwenye uchungu. Mmoja wetu aliacha kadi akakimbilia chumba cha kujifungulia, na saa nane mchana mtoto wa kike akalia. Chai yetu ya asubuhi ilikuwa bado kwenye chupa.

Kati ya wale 63 alikuwapo mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne ambaye mstari wa kadi yake ulikuwa unashuka kwa mwezi wa tatu. Hakuwa na homa wala hakuharisha. Tulipomwuliza mama yake habari za chakula cha nyumbani, alijibu kwa sauti ndogo kwamba tangu mume wake afariki, shemeji yake amelichukua shamba, naye anaishi kwa vibarua. (Ameturuhusu tuyaandike haya bila jina lake.) Tulimshauri ampe mtoto uji wa mahindi wenye karanga, na maharage yaliyopondwa, tukampangia tarehe ya kurudi mapema. Alipoondoka tukaulizana: hayo maharage atayatoa wapi?

Jioni hiyo akina mama wa kanisa, ambao nasi tumo, walikuwa wameandaa sinema uwanjani. Vijana walitandaza shuka jeupe ukutani, jenereta ikaanza kunguruma nyuma ya jiko. Tulifika tukiwa bado na sare za kazi ndani ya masweta, miguu inauma. Filamu yenyewe ilikuwa Neria. Kwa kuwa waigizaji wanaongea Kiingereza, mwalimu mmoja mstaafu alishika kipaza sauti akatafsiri kwa Kiswahili, na penye uzito akaongeza Kiiraqw.

Sinema za vijijini si jambo geni nchini. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, wenye makao Vugiri huko Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo, zikiwemo za afya, na kuzizungusha kwa lori. Zile ziliongozwa na wageni. Neria ilitokana na hadithi ya mwanamke wa Zimbabwe, Tsitsi Dangarembga, na akina mama wa kwetu waliijua habari hiyo kabla filamu haijafika nusu.

Filamu hiyo, iliyoongozwa na Godwin Mawuru, inasimulia habari za mke na mume waliojenga maisha yao Harare kwa jasho la wote wawili. Mume anakufa ajalini. Ndugu wa marehemu, Phineas, anakuja na neno "mila" mdomoni, anachukua mali moja baada ya nyingine. Mwanamuziki Oliver Mtukudzi, aliyefariki mwaka 2019, anaigiza kama kaka yake Neria. Mwishowe Neria anakwenda mahakamani kudai haki yake.

Phineas alipoanza kuchukua mali, uwanja mzima ulinyamaza. Gendabi inaujua ujane. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaikumba Katesh na vijiji vya jirani, nasi tukiwemo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Taa ilipowashwa, mzee mmoja alisimama. "Hiyo ni Zimbabwe," alisema. "Sisi mila zetu hazimtupi mjane."

Bibi mmoja akamjibu kwa heshima, "Ni kweli, mzee wangu. Mila ilisema ndugu amtunze mjane na watoto. Haikusema amnyang'anye jembe."

Watu walipiga makofi, na mzee mwenyewe akacheka.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro, lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu.

Mama wa yule mtoto alikuwa ameketi nyuma kabisa. Hakusema lolote mbele ya watu, ila alitufuata gizani akauliza, "Nesi, kwenye hilo baraza mtu anakwenda na nini?" Tulimwambia aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji, achukue cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mume na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jumatatu akina mama wawili walimsindikiza. Hadi tunapoandika shauri halijaisha, lakini kwa makubaliano mbele ya baraza amepanda ekari moja ya maharage, na mstari wa kadi ya mtoto umeanza kupanda.

Basi, mama mwenzetu, mkiandaa sinema kama hii, waalikeni na wanaume, kwa maana na wao wana dada na mabinti watakaoolewa. Na vile vyeti msivitafute siku ya msiba. Vitafuteni sasa, mkiwa bado wawili, mviweke kwenye sanduku moja mnalolijua nyote.