Kioo cha Gari na Haki ya Anayetembea



Miongoni mwa adabu tulizosomeshwa chuoni tukiwa watoto ni kwamba aliyepanda ndiye aanzaye kumsalimu anayekwenda kwa miguu, na anayekwenda humsalimu aliyeketi. Maalimu wetu kule Tanga alipotueleza jambo hili alitoa mfano wa mtu aliyepanda punda, kisha akaongeza baiskeli, kwani ndivyo vilivyopita mbele ya baraza yetu. Gari hakulitaja. Leo nataka tulitaje mimi nawe, si kwa injini yake wala bei yake, bali kwa vile vitu vidogo vya raha vilivyotiwa ndani yake kimoja baada ya kingine, na jinsi vilivyoigusa adabu hiyo. Nitasema kwa niliyoyaona huku Singida, ninakosomesha tangu mwaka 1983. Wewe uliye Mombasa au Unguja utayapima kwa ya kwenu.

Mwaka ule nilishuka kwenye treni Manyoni, na kutoka pale mpaka mjini Singida, mwendo wa kilomita kama 120, nilipanda Land Rover ambayo hata rangi yake sikuijua kwa vumbi. Vioo vya milango havikuwa vya kuteremsha. Vilikuwa vya kusukuma kwa mkono mbele na nyuma, na aghlabu kimojawapo kilikuwa kimekwama. Mashine ya baridi ilikuwa vijimlango viwili chini ya kioo cha mbele. Ukivifungua unapata upepo pamoja na vumbi lake, ukivifunga unapata joto la injini miguuni. Betri ilikuwa imekufa, na wakati ule kupata nyingine ilikuwa kazi kuliko kupata mke. Kwa hiyo gari liliwashwa kwa hendeli. Dereva alinionya mapema, nisije nikajitia ushujaa: kidole gumba usikizungushe upande wa pili wa chuma, kiweke pamoja na wenzake, kwani injini ikirudi nyuma ghafla huvunja mkono. Na wako waliovunjika.

Lakini jambo lililonikaa moyoni ni maji. Rejeta za magari yale zilikuwa zikivuja na kuchemka, na Singida, kama ujuavyo, si nchi ya maji mengi. Utingo alishuka na debe, akaenda mpaka kwenye tembe la watu asiowajua, akabisha hodi, akasalimu, akaomba. Mama wa nyumba ile alikuwa ameyateka maji hayo mbali, akayabeba kichwani. Alimpa. Nasi abiria tulishuka, tukaulizana habari na wenyeji, tukajua nani anaumwa na mvua imefika wapi. Gari lilipoondoka lilikuwa limechukua barua ya mtu, au gunia la mtama la kupeleka mjini, au mgonjwa. Hakuna aliyeliona hilo kuwa hisani. Gari lilikuwa na haja ya watu, na watu wana haja ya gari. Katika mlima wa Sekenke, njia ya Nzega, nilimwona utingo akitembea kwa miguu nyuma ya lori, gogo mkononi, tayari kulitupa chini ya gurudumu likirudi nyuma. Kazi hiyo ya kutembea na gogo siitamani irudi, wala hendeli siitamani.

Hapana budi tuseme kweli juu ya waliotengeneza raha hizi. Yule Mmarekani Charles Kettering, aliyebuni mota ya umeme ya kuwashia injini, iliyotiwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, amewaokolea watu mikono isiyohesabika, na amewafungulia wanawake na wazee mlango wa kuendesha. Mashine ya baridi nayo si ya juzi. Kampuni ya Packard iliiuza ndani ya magari yake ya mwaka 1940, nayo ilikuwa kubwa, imekaa nyuma kwenye buti, na mwenye gari akitaka kuizima ilimpasa asimamishe injini, ashuke, afungue boneti, aondoe mkanda wake kwa mkono. Nilipolisoma hilo nilicheka, nikasema kumbe nao walianza kwa taabu. Usukani mwepesi ulifuata mwaka 1951 kwa Chrysler. Na mkanda wa kifuani na kiunoni, ambao mimi siuhesabu katika raha bali katika amana ya nafsi, ni kazi ya Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, mwaka 1959, na kampuni yake ikawaachia wengine wautumie.

Kwetu raha hizi zilichelewa, kisha zikaja kwa pamoja. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika miaka iliyofuata magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yakaanza kumiminika, kwani Wajapani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi na usukani wao uko kulia. Baadaye, baada ya mwaka 2000, lami nayo ikatufikia. Ghafla mtu aliyezoea kusukuma kioo kwa kiganja akawa na kidude cha kubonyeza. Mlango ukafungwa kwa rimoti. Gia zikajibadilisha zenyewe. Vingine vilikuja bila kujua vimekuja wapi. Redio za magari hayo zilitengenezwa kwa masafa ya Japani, yaliyokuwa yakianzia 76 na kukomea 90, na redio zetu nyingi ziko juu ya hapo, basi mtu anasafiri na redio nzuri isiyomwambia neno. Na liko gari ambalo kila likiwashwa sauti ya mwanamke husema maneno kwa Kijapani. Mjukuu wangu aliniuliza kama ile ni dua ya safari. Nikaulizia, nikaambiwa anamkumbusha dereva kwamba hajaweka kadi ya kulipia barabara za kwao.

Sasa, ndugu yangu, usinidhanie kuwa ni mzee wa kuchukia kila kipya. Mke wangu ana pumu. Safari ya Dodoma, ambayo zamani ilimlaza siku mbili, sasa huenda na kurudi kwa sababu vioo vimefungwa na hewa ni safi. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa vitunguu, ndiye hutupeleka, na kila nikiketi katika kiti chake namshukuru Mola, kisha namshukuru yeye.

Basi siku moja, wakati wa mvua, tulikuwa katika gari hilo tukitoka Manyoni, vioo vyeusi vimepanda, baridi inavuma, kaseda inasomwa. Kabla ya kufika Ikungi nilimwona mwanamke ameinua mkono, na mtoto mgongoni. Tulikwisha kumpita. Nikamwambia mwenzangu arudi nyuma, akarudi, akabonyeza kidude, kioo kikashuka. Mtoto alikuwa na homa kali. Mwenye pikipiki alikuwa ametaja nauli ambayo mama huyo hakuwa nayo, na alikuwa amesimama pale tangu adhuhuri, nasi tulikuwa tunakaribia alasiri. Nilimuuliza kama magari hayajapita. Akasema, "Yamepita mengi, baba, lakini yamefungwa."

Hakusema kwamba watu wamekuwa wabaya, na mimi pia sisemi hivyo. Mwanafunzi wangu ni mtu wa sadaka. Hakumsikia, na kwa vioo vile karibu asimwone, na gari lake halichemki hata libishe hodi kwa mtu. Mtoto alilazwa siku tatu mjini, akatoka mzima, alhamdulillahi.

Najua jibu utakalonipa, hasa wewe uliye mwanamke unayeendesha peke yako: wako wezi wanaoinua mikono vilevile. Ni kweli. Sikuambii usimame gizani, wala umpakie kila mtu, kwani kuilinda nafsi nako ni wajibu. Nazungumza juu ya mchana, na barabara yenye watu, na salamu, ambayo haihitaji hata kusimama. Kile kidude kinateremsha kama kinavyopandisha. Tulikinunua kwa kazi zote mbili, tukakizoeza moja. Na mtoto aliyelelewa nyuma ya kioo kilichopanda, tangu nyumbani mpaka chuoni na kurudi, nitamfundishaje kwamba aliyepanda ndiye aanzaye? Atanijibu kwa sauti nzuri, atapata maksi zake zote, na hatakuwa amemwona baba yake akifanya hata siku moja.

Wanaojua habari hii kuliko sisi sote ni wale wanaouza kando ya barabara, wenye kuku, asali, na mafuta ya alizeti ndani ya chupa. Wao riziki yao inapita kwenye kioo. Nilizungumza na mzee mmoja kati yao, akaniambia kwamba amekwisha kuwasoma wasafiri kwa vioo vyao. Kikishuka vidole vinne, huyo anauliza bei tu, na mara nyingi kitapanda kabla hujamaliza kumjibu. Kikishuka nusu, atanunua, lakini atapunguza bei mpaka uchoke. Kikishuka chote, huyo ataanza kwa kuuliza hali yako, na akikosa kununua utakuwa umepata salamu. Nilimweleza mfanyabiashara wangu wa vitunguu maneno hayo. Sasa tukifika pale hukiteremsha chote, upepo wa Singida ukaingia kama ulivyo, na mke wangu huko nyuma hujifunika pua kwa ukaya wake, huku akimuuliza yule mzee kama wale kuku ni mitetea.