Kutoka Picha ya Ndege hadi Songwe: koti kwanza, tiketi baadaye

KIBAHA kuna mahali panaitwa Picha ya Ndege. Jina tamu, lakini ndege ya abiria huipandi pale hata ukeshe kituoni wiki nzima. Mtu wa Kibaha akitaka kuruka lazima arudi Dar es Salaam, hadi Kipawa, huku akipambana na foleni ya Barabara ya Morogoro. Mwenzake wa Kisarawe ana nafuu kidogo: anateremka Pugu, anapita Gongo la Mboto, huyoo uwanjani.

Na wengi wanaotoka huku wanaelekea Mbeya. Msishangae. Watu wa Pwani wameoa kule na wameolewa kule. Kuna wafanyabiashara wanaofuata mchele wa Kyela na viazi, na kuna wenye wagonjwa hospitali ya rufaa. Basi ni siku nzima barabarani: Chalinze, Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Makambako, mpaka miguu inavimba. Reli ya TAZARA iliyojengwa miaka ya 1970 inapita Kisarawe, na kituo cha Mzenga kiko huko huko, ila treni si ya mtu mwenye haraka zake. Kwa hiyo mwenye haraka anajipapasa mfukoni, anakata tiketi ya ndege.

Hapo ndipo anapokutana na Songwe.

Kwanza tuwekane sawa. Uwanja unaitwa Songwe, lakini uko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 na makao makuu yake ni Vwawa, kwa hiyo ukisikia "tunatua Songwe" usidhani umepotezwa njia. Uwanja wenyewe ulianza kazi Desemba 2012, baada ya wananchi kuusubiri hadi wakachoka.

Kabla ya hapo ndege zilikuwa zinatua mjini, kwenye uwanja mdogo wa zamani. Mbeya ilianza na dhahabu ya Chunya miaka ya 1920, ikakua juu kabisa, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ikiegemea mlima. Hewa ya juu ni nyepesi, na ndege kwenye hewa nyepesi inahitaji kukimbia mbali zaidi ndiyo inyanyuke. Ukiongeza mlima na nyumba za watu, ndege kubwa haina pa kujinyoosha. Ndiyo maana wakateremka bondeni, upande wa barabara ya Tunduma, wakatandika njia ya kurukia inayozidi kilomita 3. Tangu hapo ndege za jeti nazo zikaanza kuonekana.

Sasa sikia kichekesho. Kwa kuwa uwanja uko bondeni, mgeni wa Pwani anashuka, anaona jua linawaka, anaanza kumcheka aliyebeba koti. "Baridi yenyewe ndo hii?" Ngoja apande gari. Wanapita Mbalizi, barabara inapanda, jua linazama, na wakifika Mwanjelwa meno yanagongana kama marimba. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Mbeya usipime. Mtu aliyezoea kulala na feni Mlandizi anaomba blanketi la tatu.

Lakini baridi inavumilika. Balaa ni mawingu. Kuna asubuhi ukungu unalala bondeni, na kuna siku mawingu yanashuka mpaka rubani haoni kitu. Tena kwa miaka kadhaa tangu ufunguliwe uwanja haukuwa na taa za kuongozea ndege, kwa hiyo giza likiingia habari imekwisha. Taa zilikuja baadaye, lakini wingu halijali taa.

Mama mmoja wa Mlandizi alinisimulia yaliyompata. Alikuwa anawahi maziko ya kaka yake Mbalizi. Ndege ikafika juu ya Songwe, ikazunguka, ikazunguka tena, kisha rubani akatangaza wanarudi Dar. "Mwanangu," aliniambia, "nimepita juu ya msiba wa kaka yangu, nikarudishwa Kipawa bila kuona hata bati la nyumba." Akapanda basi. Alipofika, kaka alikuwa ameshazikwa. Nikamuuliza kama alimkasirikia rubani. Akatikisa kichwa: "Yule kijana alikuwa na roho zetu sote mkononi. Ningemlaumu nini?"

Maneno hayo yananikaa kila nionapo ndege ikipita juu ya vilima vya Kisarawe kuelekea Nyanda za Juu. Tumezoea kudhani aliyelipa nauli kubwa amenunua na uhakika. Wapi! Amenunua mwendo tu. Uhakika bado uko kwenye mawingu.

Basi msomaji, shika haya. Kama una msiba, harusi au kitanda cha hospitali kinachokusubiri, usiruke siku ile ile ya shughuli. Ondoka jana yake. Bakiza mfukoni nauli ya basi. Ndugu wa Mbeya wapigieni simu mapema kuuliza hali ya hewa, maana wao wanaliona wingu kwa macho. Na familia zinazongoja mtu wa ndege zisiharakishe jeneza kabla hazijasikia kama ametua.

Na koti? Livae mwilini. Ukiliweka kwenye begi, utalitafuta ukiwa unatetemeka.