Miji 8 kwa Siku 12: Tulichojifunza Tukipanga Hija ya Ulaya



Tulianza kuweka akiba miaka mitatu kabla ya safari. Tulikuwa watu 11 wa jumuiya ndogo ndogo moja, katika parokia iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa, tulimpelekea mweka hazina mchango wetu. Wa kwanza kumaliza kulipa hakuwa mwalimu wala mfanyabiashara. Alikuwa Bibi, mwenye umri wa miaka 71, ambaye fedha yake ilitoka kwenye maziwa ya ng'ombe wawili.

Fedha ilipokaribia kutimia, tulikaa kupanga ratiba. Kila mmoja alitaja mahali anapopatamani, na katibu akaandika vyote. Roma, kwa sababu ya makaburi ya Mitume Petro na Paulo. Assisi, kwa Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Klara. Padua, kwa Mtakatifu Antoni. Venezia, kwa sababu tulisikia kwamba barabara zake ni maji. Paris. Lisieux, kwa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Lourdes. Fatima. Miji 8 kwa siku 12. Tulipiga makofi, tukafunga kikao kwa sala.

Bibi hakupiga makofi. Watu walipotawanyika alimfuata mweka hazina akamwambia, "Mwanangu, nirudishieni hela yangu. Hili goti litawachelewesha. Nendeni ninyi, mimi mtaniletea maji ya Lourdes."

Maneno hayo yalitukosesha raha. Tulikuwa tumepanga hija ambayo mtu aliyeitolea jasho kuliko wote hawezi kuifanya, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona hilo.

Tukampelekea ratiba yetu padre mmoja aliyewahi kusoma Roma kwa miaka kadhaa. Hakusema kwamba ni mbaya. Alituomba tu tuandike, pembeni ya kila siku, saa ngapi tutakuwa njiani, saa ngapi tutakuwa tumesimama kwenye foleni, na saa ngapi tutakuwa tunasali. Tulikaa jioni nzima tukihesabu.

Hapo ndipo tulipojionea wenyewe. Kuhama mji kunakula nusu siku hata kama treni yenyewe ni ya saa mbili, maana kuna kufungasha mizigo, kwenda stesheni, kusubiri, kutafuta nyumba ya wageni, na kusubiri tena chumba kiwe tayari. Miji 8 ni kuhama mara 7. Na si kila kuhama ni kwa nusu siku: kati ya Lourdes na Fatima kuna nchi ya Hispania katikati. Katika karatasi yetu, Fatima tungefika saa nne usiku na kuondoka saa mbili asubuhi. Tungevuka bahari na mabara ili tukalale Fatima, tuamke, tuondoke. Safu ya saa za sala, tulipoijumlisha, ilitutia aibu.

Tulianza kupunguza. Venezia iliondoka bila mtu kulia. Padua na Lisieux ziliondoka kwa kuguna. Iliyotupa shida ni Fatima. Mzee mmoja wa Lejio ya Maria, ambaye kwa miaka mingi ameongoza rozari kila tarehe 13 ya mwezi kwa kukumbuka yale watoto watatu waliyoyaona pale mwaka 1917, alikuwa amechangia kwa ajili ya Fatima tu. Tulimweleza, tukambembeleza, tukamwambia kwamba Mama ni yule yule. Alitusikiliza kwa heshima. Wiki iliyofuata aliomba fedha yake. Bibi alibaki, Mzee akaondoka. Tulibaki 10.

Hatutaki kumficha msomaji jambo hili. Tunasoma mara nyingi kuhusu kupanga kwa uwiano, kana kwamba ukishapata uwiano kila mtu atafurahi. Sisi tuliona kwamba kila mji unaoufuta una mtu wake.

Ratiba iliyobaki ilikuwa hivi: Assisi usiku 2, Roma usiku 5, Lourdes usiku 3, Paris usiku 2. Padre alitushauri tuingie kwa mji mmoja na tutoke kwa mwingine, ili tusirudi tulikotoka. Kwa hiyo tiketi zetu, tukipitia Addis Ababa, zilikuwa za kushukia Roma na kuondokea Paris. Assisi tuliiweka mwanzo kwa sababu baada ya usiku wa ndege mtu anahitaji mahali patulivu kabla ya kelele za jiji kubwa.

Siku za wiki nazo zina maana. Papa hukutana na mahujaji katika Katekesi ya Jumatano, na tiketi zake hazilipiwi. Jumapili saa sita mchana husali Malaika wa Bwana pamoja na watu walio katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Tukazipanga siku zetu tano za Roma zishike Jumapili na Jumatano zote mbili. Na Jumatatu tukaiacha wazi, bila kuandika chochote. Vijana wetu walilalamika kwamba tunalipia siku ya kukaa bure. Padre aliwakumbusha kwamba hata Mitume waliporudi kwa Yesu wamechoka, yeye mwenyewe aliwaalika wakapumzike.

Kuhusu viza, ratiba ndiyo inayoamua. Italia na Ufaransa zote zimo katika eneo la Schengen, hivyo viza moja inatosha, lakini maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa Italia. Utahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na pasipoti ambayo itabaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Maombi yanaweza kupelekwa hata miezi sita kabla ya safari. Tunakushauri usisubiri mwezi wa mwisho, na usibadilishe ratiba baada ya kuipeleka.

Sasa tuseme yaliyotokea.

Stesheni ya treni ya Assisi iko bondeni, na mji wenyewe uko juu mlimani. Kama tungepanga nyumba ya juu, Bibi angepanda na kushuka mawe kila siku. Tulilala bondeni, karibu na Basilika ya Maria wa Malaika, ambayo ndani yake kimo kile kikanisa kidogo cha Porsiunkula alichokipenda Fransisko. Bibi alikwenda huko kwa miguu yake, asubuhi na jioni. Sisi wengine tulipanda basi kwenda mjini, kwenye kaburi la Fransisko na kwa Carlo Acutis, yule kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Siku ya pili Bibi alipanda nasi, mara moja tu, kwa sababu tulikuwa na nafasi ya kutembea polepole.

Roma, Jumatatu ile iliyo wazi ikatuokoa. Mmoja wa wale vijana waliolalamika aliamka na homa na kikohozi. Tulimtafutia dawa, tukampikia uji, wengine wakafua nguo, wengine wakalala. Jumatano alikuwa uwanjani pamoja nasi. Kwa ile ratiba ya kwanza, siku hiyo tungekuwa na treni ya alfajiri, na tungelazimika kuchagua kati ya mgonjwa na tiketi.

Jumanne tulikwenda Laterano, ng'ambo ya barabara ya Basilika, zilipo Ngazi Takatifu. Ni ngazi 28, na mahujaji huzipanda kwa magoti. Bibi alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye ngazi za pembeni, ambazo mtu hupanda kwa miguu, akapanda moja moja akishika ukuta, rozari mkononi. Tulipofika juu tulimkuta ameshakaa anasali. Alikuwa ametutangulia.

Siku ya kwenda Lourdes tulikuwa tumeihesabu kama siku nzima ya safari: ndege hadi Toulouse, kisha treni. Hatukupanga kitu kingine, na ikawa vyema, kwa sababu tulifika tumechoka. Kesho yake, saa tatu usiku, tulikwenda kwenye maandamano ya mishumaa. Hapo tulijifunza jambo ambalo katika kupanga kwetu kote hatukulijua. Lourdes, wagonjwa na walemavu ndio wanaopewa nafasi ya mbele. Watu wa kujitolea husukuma viti vyao, na umati wote hufuata nyuma. Mwendo wa maandamano ni mwendo wa viti vile. Bibi aliwekwa kwenye kiti, akapewa mshumaa, akapelekwa mbele. Sisi tulimpoteza katika ule mwanga, tukawa tunamfuata bila kumwona.

Paris ilikuwa fupi. Jumatatu tulisali katika kikanisa cha rue du Bac, ambako Mtakatifu Katarina Labouré alitokewa na Bikira Maria mwaka 1830, na jioni vijana wakauona mnara wao. Jumanne tukaondoka.

Tuliporudi, tulikwenda kumsalimia yule Mzee wa Lejio. Tulimpelekea rozari ya Lourdes. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akatuuliza habari za safari. Hakuuliza habari za Fatima, nasi hatukuzitaja.

Ndugu msomaji, kama jumuiya yako inapanga safari ya namna hii, andika kwanza jina la mtu aliye dhaifu kuliko wote, kisha panga siku kwa mwendo wake. Usizidishe miji minne kwa siku 12. Acha siku moja wazi. Kwa yule ambaye mji wake umefutwa, usimwambie kwamba mambo ni yale yale. Mwambie lini utakwenda naye.

Sisi tumeanza tena kuchanga. Kutoka Lisbon hadi Fatima ni kilomita 125 hivi. Ratiba ya safari hiyo ina mji mmoja tu, na jina la kwanza kwenye orodha ni la Mzee. Bado hajatujibu.